Weusi Ndani ya Chai ya Kijani

"Rudia! Rudia mbele ya mteja wangu, labda utaona haya kidogo!"

Wifi yangu alikuwa amesimama katikati ya chumba cha mbele, kitana mkononi, nywele za bandia zimemning'inia begani kama mkia.

"Kama nimesema mbele ya daktari, nitashindwa kusema mbele ya mteja?" nikamjibu. "Vidonge humezi. Ungekuwa unameza, damu ingepanda. Basi."

"Kwa hiyo mimi mwongo."

"Sijasema mwongo. Nimesema humezi."

"Tofauti yake nini?"

Mteja, ambaye nusu ya kichwa chake ilikuwa imesukwa na nusu nyingine imesimama wima kama ufagio mpya, aliinamia simu yake akajifanya anasoma kitu cha maana.

"Mimi ni mtu mzima, wifi. Nina miaka thelathini na tatu."

"Nina wanafunzi wa miaka kumi na tano wanaofuata maelekezo kuliko wewe."

"Basi kaishi nao!"

Wifi ni mdogo wa mwisho wa mume wangu. Kazi yake ni ususi, na chumba chetu cha mbele ndicho duka lake tangu alipohamia kwetu kuugua. Ana uvimbe kwenye kizazi. Kila mwezi anatokwa damu siku tisa, siku kumi, mpaka midomo inakuwa na rangi ya karatasi na ngazi nne za mlangoni anazipanda kwa vituo. Daktari alishasema atamfanyia upasuaji, jina likaandikwa kwenye orodha, ila kwa sharti moja: kiwango cha damu kifike kumi. Alianza na nane nukta mbili. Mwezi uliofuata, nane nukta tatu. Jana, ukiwa mwezi wa tatu, nane nukta nne. Kwa mwendo huo angefanyiwa upasuaji akiwa na wajukuu.

Daktari alivua miwani akauliza, "Dawa anameza?"

Aliuliza akiniangalia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekaa kwenye kiti kilichotazamana na meza. Wifi alikuwa kwenye benchi la ukutani. Nami nikajibu kabla hajafungua mdomo. Nilisema, "Daktari, tusidanganyane. Sidhani."

Daktari akaandika: *mgonjwa hamezi dawa*. Kisha akasema nafasi za chumba cha upasuaji ni chache, wanaomeza dawa wapo wengi, na orodha mpya inabandikwa Jumatatu. Maana yake jina la wifi lingeondolewa.

Nisieleweke vibaya. Sikusema vile kwa chuki. Mimi ni fundi sanifu wa maabara katika shule ya sekondari ya wasichana. Diploma yangu iko ukutani, na kwa miaka kumi na moja nimepanga chupa, nimebandika lebo, nimeosha mirija ya majaribio ya watoto wa watu. Mambo yangu yana mpangilio. Wifi alipokuja kwetu nilimpangia: maini mara tatu kwa wiki, mboga za majani kila siku, maharage siku zilizobaki. Vidonge vya kuongeza damu nilivitoa kwenye maboksi yake yanayochanika, nikavimimina ndani ya chupa ya kahawia yenye kifuniko cha kukaza, nikabandika lebo yenye tarehe. Saa moja asubuhi na saa moja jioni nilimpelekea trei: sahani ya chakula, kidonge kwenye kisosi, kikombe cha chai ya kijani. Sasa, kama mpangilio ni sahihi na matokeo ni mabaya, mwenye kosa ni mtu. Hivyo ndivyo nilivyowaza.

Chai hiyo nayo ina historia yake. Zamani nilikuwa mtu wa chai ya maziwa, vikombe vitano kwa siku, sukari vijiko vitatu kila kikombe. Kufika saa nane mchana kichwa kizito, tumbo limejaa kama mpira. Mwalimu wa kemia, mama mmoja mkavu wa maneno kama mimi, alinipa pakiti ya majani akasema, "Jaribu wiki mbili, halafu uje ubishe."

Siku ya kwanza niliyapika kama ninavyopika chai siku zote: sufuria, maziwa, sukari, mchemko mpaka ifurike mara mbili. Ilitoka na rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Mume wangu alionja, akaweka kikombe chini taratibu kama mtu anayerudisha kitu cha jirani. "Mke wangu," akasema, "hii ni chai au dawa ya minyoo?"

Siku ya pili niliacha maziwa lakini nikachemsha dakika kumi. Chungu kama shubiri. Hapo nikaudhika, na mimi nikiudhika huwa napima. Nilileta nyumbani kipimajoto. Maji yaliyotoka kuchemka: chungu. Digrii tisini: afadhali. Digrii themanini, majani yakakaa dakika tatu tu na kutolewa: kitu kingine kabisa. Kilikuwa na harufu ya nyasi baada ya mvua, ladha nyepesi, na utamu mdogo unaokuja baada ya kumeza, kama mgeni anayerudi mlangoni kusema alichosahau.

Tangu hapo nikawa mtu wa kikombe kile. Mdomo unabaki safi. Tumbo halinung'uniki. Nakuwa macho lakini moyo hauendi mbio kama ninapokunywa kahawa. Maumivu ya kichwa ya saa nane yalipungua mpaka nikasahau yalivyokuwa. Ila siwezi kuapa kwamba ni majani yenyewe. Labda ni sukari niliyoiacha. Labda ni zile dakika tatu za kusubiri nimekaa chini bila kufanya lolote, kitu ambacho sikuwahi kukifanya tangu nizae. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja, huwezi kujua kipi kimefanya kazi. Watu wanasema inayeyusha mafuta, inalinda moyo, inasafisha damu. Kuhusu moyo nimesoma mawili matatu yenye matumaini. Kusafisha damu ni maneno ya sokoni.

Wifi alipoanza vidonge, alikuwa anapata kichefuchefu na ladha ya msumari mdomoni. Nikampa chai ile, ikamtuliza. Akaipenda kunishinda. Siku za maumivu alikuwa akishikilia kikombe tumboni kwanza, joto liingie, ndipo anywe. "Hii ndiyo shuka yangu," alikuwa akisema. Ndiyo maana niliiweka kwenye trei ya dawa. Niliona nimeua ndege wawili kwa jiwe moja.

Sasa turudi kwenye ugomvi.

"Haya," wifi akasema. "Trei hiyo hapo, haijaguswa kwa sababu umeamka na mdomo. Fungua macho yako yote mawili. Mteja, wewe ni shahidi."

"Jamani, mimi nilikuja kusukwa," mteja akasema.

"Shahidi halipwi. Tazama tu."

Vidonge vile ni vikubwa, na wifi husema koo lake si bomba la maji, kwa hiyo huvivunja kwanza kwa mgongo wa kijiko. Akabonyeza kwa hasira. Kidonge kikapasuka, nusu ikaruka ikatumbukia ndani ya kikombe. Akatupa nusu nyingine mdomoni, akavunja kingine kutoka kwenye chupa akaongeza nusu yake, akashushia funda mbili za chai, kisha akanitolea ulimi wote nje, akaugeuza juu na chini kama mtoto anayekaguliwa na nesi.

"Kipo? Kimejificha kwenye jino?"

Mteja akacheka mpaka simu ikamdondoka.

"Leo umemeza," nikasema. "Na siku nyingine?"

"Siku nyingine ulikuwa wapi? Si ulikuwa umesimama hapo mlangoni na saa yako kama msimamizi wa mtihani? Asubuhi umesimama, jioni umesimama. Hebu niambie siku moja, moja tu, uliyoniona nimetema."

Nilitafuta siku hiyo. Nilipekua miezi mitatu kichwani. Haikuwepo.

Akanigeuzia mgongo, akarudi kwenye nywele. Nikachukua trei nikaenda jikoni, nikiwa na hasira ya mtu anayeanza kuhisi kwamba hasira yake haina pa kukaa. Nilifunika sahani ya chakula. Niliosha kisosi. Nikashika kikombe kumwaga chai iliyobaki, mkono ukasimama.

Chai ilikuwa nyeusi.

Haikuwa kahawia, wala nzito. Nyeusi yenye zambarau kwa mbali, kama wino wa kalamu. Dakika kumi kabla ilikuwa na rangi ya majani machanga. Nikanusa: nyasi, na kitu kama sarafu. Nikainamisha kikombe dirishani. Chini kabisa kulikuwa na ile nusu ya kidonge, inaendelea kuyeyuka, na kutoka pembeni yake weusi ulikuwa unatoka kama moshi.

Wazo la kwanza: kikombe kilikuwa kichafu. Lakini vikombe vyangu haviwi vichafu. Basi nikafanya ninachojua kufanya. Nilipanga vikombe vitatu vyeupe, nikabandika vipande vya karatasi: maji, chai ya kijani, chai ya maziwa. Nikavunja kidonge kimoja mafungu matatu, nikatia kila kikombe fungu lake, nikakoroga, nikavuta stuli nikakaa.

Maji yalibaki karibu kama yalivyokuwa, yakachafuka kidogo tu. Chai ya maziwa iligeuka kijivu, rangi ya soksi ya zamani. Chai ya kijani ilianza pole pole, kisha ikaingia giza lote. Nilisahau kwamba nilikuwa nimekasirika. Nikachukua nusu limau, nikakamulia matone kwenye ule weusi. Ukafifia. Nikaongeza. Ukafifia zaidi. Nilikuwa nimeinama pua inakaribia kuingia kikombeni, nikijisemea kwa sauti, "Ah-ah. Ah-ah, wewe!"

Halafu nikakumbuka, na nilivyokumbuka nilitamani stuli ipasuke. Kila mwaka nawaandalia wasichana wa madarasa ya juu jaribio hili hili, tone la chumvi ya chuma, madini yale yale yaliyomo kwenye vidonge, kwenye maji ya majani ya chai, rangi inageuka, wanapiga kelele. Mwalimu wa kemia huwaambia kwamba zamani wino ulitengenezwa hivyo, chuma na uchungu wa majani au magome. Mimi ndiye ninayejaza chupa hizo. Mimi ndiye ninayebandika lebo.

Lakini kikombe si tumbo. Mambo ya tumboni sikuyajua, na nilitaka kuyajua sasa hivi. Kwenye mkoba wangu kulikuwa na boksi jipya la vidonge tulilopewa jana, sijalifungua bado. Nikalifungua. Ndani kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nane, maandishi madogo kama mayai ya chawa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisoma. Maboksi yote ya nyuma nilikuwa nimemimina vidonge kwenye chupa yangu nzuri ya kahawia na kutupa boksi na karatasi yake kwenye takataka, ili kabati lipendeze. Mimi, ninayewapigia wasichana kelele kila muhula: soma maelezo kabla hujafungua!

Mstari wa tisa: *Usimeze pamoja na chai, kahawa au maziwa, kwa kuwa hupunguza kiasi cha dawa kinachoingia mwilini. Acha angalau saa mbili.*

Nikausoma mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa natafuta kosa la uchapaji.

Na si vidonge tu. Maini na mboga zote zile alikuwa akizishushia na chai ile ile, kwa sababu trei yangu ilikuwa nzuri na ilikuwa na nafasi ya kila kitu.

Nilibeba vikombe vitatu nikarudi chumba cha mbele.

"Wifi."

"Nini tena? Umekuja kunikagua masikio?"

"Angalia hivi."

Nilimweleza bila kupaka rangi: jaribio, karatasi, mstari wa tisa. Alisikiliza huku vidole vikiendelea kusuka, kisha vidole vikasimama. Akachukua kikombe cheusi akakizungusha kwenye mwanga.

"Kwa hiyo nilikuwa nakunywa wino?"

"Kitu kinachofanana nao. Chuma kinashikana na chai, mwili unapata kidogo, kingine kinapita zake."

"Kinapita zake! Miezi mitatu kinapita zake!" Akanusa. "Na hiki chenye limau mbona kimepauka?"

"Limau linatenganisha. Nadhani. Kwenye kikombe linatenganisha."

"Unadhani." Akaniangalia. "Leo unadhani. Jana ulijua."

Mteja akasema taratibu, bila kuinua kichwa, "Mganga hajigangi."

"Wewe ni shahidi, si hakimu," nikamwambia.

Nilingoja wifi apige kelele. Ningejua la kufanya na kelele. Badala yake alikaa kwenye mkono wa kochi, akaweka kikombe chini.

"Kuhusu chai sina kinyongo," akasema. "Ulitaka kunisaidia, na ilikuwa inanisaidia, wewe hujui zile asubuhi za maumivu zilivyokuwa kabla yake. Nitaihamishia mchana, yataisha. Lakini jana, wifi... Jana niliulizwa mimi, ukajibu wewe. Nimeandikwa kwenye faili kwamba sitaki kupona. Daktari atakayelifungua, hata miaka kumi ijayo, atanijua hivyo. Kaka alipoambiwa jana jioni hakuniuliza chochote. Alinitazama tu."

Nilikuwa na maneno mengi ya kujitetea. Nilimlisha, nilimwogesha siku zile alipozimia, nilibadilisha ratiba yangu ya kazi. Yote ni kweli, na hakuna hata moja lililobadilisha alichosema.

"Jumatatu asubuhi nitapiga simu nirekebishe," nikasema.

"Jumatatu orodha inabandikwa."

Nikatazama saa ya ukutani. Saa sita kasorobo. Jumamosi kliniki inafunga saa sita kamili. Nilivua aproni nikaitupa kwenye kochi, nikachukua mkoba, nikatia ile karatasi ya dawa ndani.

"Vaa viatu," nikasema.

"Viatu vya nini?"

"Ulitaka nirudie mbele ya mteja. Narudia mbele ya daktari. Nataka na wewe usikie, usije ukasema nilipunguza."

"Na mimi?" mteja akauliza, akishika ile nusu iliyosimama.

"Wewe funga kitambaa, birika liko jikoni," wifi akamwambia, tayari anatafuta kiatu cha pili chini ya meza. "Ukitaka chai ya kijani, maji yasichemke sana."

Kliniki ni mwendo wa dakika saba kwa mtu mzima wa afya. Sisi tulitumia ishirini. Wifi alipumzika kwenye kona ya duka la vioo, akapumzika tena kwenye ukuta wa shule ya watoto, mkono kwenye mbavu. Safari hii sikumwambia akaze mwendo. Nilisimama naye. Nilimwona anavyohesabu hatua kabla ya kuzianza, na nikajiuliza ni mara ngapi nimempita njiani nikidhani anadeka.

Daktari alikuwa anavua koti lake jeupe. Karani akasema tumechelewa. Nikamwambia dakika tatu, na nikaingia.

"Jana nilikaa hapa nikakuambia huyu hamezi dawa," nikasema, bado sijakaa vizuri kwenye kile kiti. "Si kweli. Anameza, nimemwona kwa macho yangu asubuhi na jioni, miezi mitatu. Mimi ndiye niliyekuwa nampa vidonge pamoja na chai ya kijani, na chakula chake pia pamoja na chai. Karatasi hii hapa, mstari wa tisa. Sikuisoma. Naomba ulichoandika ukifute."

Daktari alivaa miwani. Alisoma mstari ule, kisha akanitazama kama mtu anayepima kama mzani ni mzima.

"Una uhakika hii ndiyo sababu?"

"Kwamba ndiyo sababu yote, sina. Bado anatokwa damu nyingi, hilo unalijua wewe kuliko mimi. Kwamba anameza, ninao. Na jana pia nilikuwa nao, nikasema vingine kwa sababu nilikuwa nimemkasirikia yule aliye rahisi kumkasirikia."

Nyuma yangu, kwenye benchi, wifi alikohoa kidogo.

Daktari alifungua faili. Alipiga mstari juu ya maneno ya jana, akaandika mapya, polepole, akiyasoma kwa sauti anavyoandika: anameza dawa kikamilifu, ilitumiwa pamoja na chai, atameza na maji au juisi ya limau, mbali na chai kwa saa mbili, damu ipimwe tena baada ya wiki tatu, jina libaki kwenye orodha. Akapiga muhuri. Akasema kama damu ikigoma hata hivyo, kuna dawa ya kuweka kwenye mshipa, watazungumza.

"Chai yenyewe si mbaya," akaongeza. "Inywewe katikati ya mchana, kati ya mlo na mlo. Je, anaipenda sana? Ataweza kusubiri mpaka mchana siku za maumivu, au tumtafutie kitu kingine cha asubuhi?"

Aliuliza akiniangalia mimi, na jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi wangu. Nikaling'ata, nikasimama, nikamvutia wifi kile kiti, akakaa.

"Muulize mwenyewe," nikasema, nikaenda kukaa kwenye benchi.